Ubavuni, Jicho Likiwa Katikati

Kuna picha moja ya ubao wa sataranji ambayo siishi kuirudia. Mchezo ndio kwanza umeanza: mwenye kete nyeupe amecheza mara tano, mwenye nyeusi mara nne. Farasi mmoja mweupe ametoka. Askari wawili weupe wamesimama bega kwa bega upande wa kushoto, wa tatu amejongea hatua moja tu upande wa kulia, na nyuma yao askofu amejibanza karibu na pembe, katika mraba uitwao b2. Ng'ambo ya pili mfalme mweusi amekwisha kujisetiri kando ya ngome yake, na askofu wake naye amejibanza vivyo hivyo. Na katikati? Katikati hapana mtu. Ile miraba minne ya kitovu, ambayo kila mwanafunzi wa mchezo huu huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba ndiyo roho ya ubao, imebaki mitupu. Picha hii inatoka New York, mwezi wa Machi 1924, katika mashindano yaliyofanyika Hoteli ya Alamac. Mwenye kete nyeupe alikuwa Richard Réti. Mwenye nyeusi alikuwa José Raúl Capablanca wa Havana, bingwa wa dunia, mtu ambaye tangu mwaka 1916 hakuwa ameshindwa mchezo hata mmoja wa mashindano.

Utupu ule ndio unaonishika. Si kawaida ya binadamu kuacha katikati. Tukiingia ukumbini tunatafuta kiti cha mbele. Tukipiga picha ya pamoja, wakubwa hukaa katikati na wadogo hutupwa pembeni. Tukichora ramani, tunaanza na mji mkuu. Sataranji nayo ina hesabu yake inayowapa haki wapenda katikati. Farasi aliyesimama kitovuni anatawala miraba minane. Farasi huyohuyo ukimweka pembeni kabisa, kwenye kona, anatawala miwili tu. Kete ni ile ile, nguvu imegawanywa kwa nne kwa sababu ya mahali. Ndiyo maana Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, na baada yake Siegbert Tarrasch, daktari wa Nuremberg aliyekuwa mwalimu wa kizazi kizima kwa vitabu vyake, walifundisha kwamba kazi ya kwanza ya mchezaji ni kupeleka askari wake katikati na kuwasimamisha hapo. Wahenga wetu wangewaunga mkono bila kusita, maana wao ndio waliosema asiyekuwapo na lake halipo. Usipokanyaga kitovu utakitawalaje?

Jibu la Réti, na la kundi dogo la vijana waliofikiri kama yeye, lilikuwa kwamba kukanyaga na kutawala ni mambo mawili. Mahali panaweza kuwa pako bila unyayo wako kuwapo. Ukiwa na askofu anayepatazama kwa mbali, na farasi anayeweza kuparukia, na askari wa pembeni anayeweza kupachoma kwa ubavu, basi kila anayeingia pale anaingia kwa idhini yako. Tena walitazama jambo moja ambalo wengine walilijua lakini hawakulitilia uzito: askari wa sataranji harudi nyuma. Mfalme anaweza kurudi, malkia anaweza kurudi, farasi anaweza kurudi alikotoka na ubao ukawa kana kwamba hakuna lililotendeka. Askari peke yake ndiye ambaye kila hatua yake ni ya milele. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo yule anayekimbilia katikati na askari wake amekwisha kutamka maneno ambayo hawezi kuyafuta, na amemwonyesha mwenzake mahali pa kupiga. Anayengoja pembeni amemwacha mwenzake aseme kwanza, naye amebaki na maneno yake yote kinywani. Hapo ndipo ninapoanza kuuona ule utupu kwa jicho lingine. Hakuna aliyesahau kitovu. Wawili wamekaa kwenye meza moja, kila mmoja anajua mwenzake anaona nini, na mmoja wao ameamua kutosema mapema.

Mtazame yule askofu wa b2 kwa karibu, kwa sababu fikra yote imo ndani yake. Askofu hutembea kwa mshazari, kona kwa kona, na mshazari anaosimama juu yake ndio mrefu kuliko yote: unaanza pembe ya chini kushoto, a1, na kuishia pembe ya juu kulia, h8, upande aliojificha mfalme mweusi. Kati ya mwanzo na mwisho wake mstari huo unapita d4 na e5, miraba miwili kati ya ile minne ya kitovu. Askofu yule hajagusa katikati, lakini katikati haiwezi kupumua bila yeye kujua. Mbele yake amesimama farasi mweusi wa f6, na nyuma ya farasi huyo askofu mweusi wa g7, kwa hiyo kwa sasa macho yake hayafiki mbali. Anangoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema, na methali hiyo ni kweli kabisa kwa fimbo iliyosahauliwa kwenye dari. Lakini kuna umbali wa aina nyingine, umbali wa mtu aliyechagua pale pa kusimama ili aone nyoka mzima, kichwa na mkia, na si ile sehemu iliyo karibu na mguu wake tu. Réti alimweka askofu wake mbali ili apate kuona.

Siwezi kuutazama mchezo huu bila kuikumbuka nchi alikotoka mchezaji wake, maana nayo ilikuwa imeshuhudia katikati ikianguka. Réti alizaliwa mwaka 1889 katika mji mdogo wa Pezinok, ambao siku hizo ulikuwa upande wa Hungaria katika dola kubwa ya Austria na Hungaria, na leo uko Slovakia. Alikwenda Vienna, mji mkuu wa dola, kusoma hisabati. Vienna ilikuwa kitovu cha kila kitu: muziki, vitabu, mikahawa ambamo sataranji ilichezwa hadi usiku, mfalme mzee katika kasri yake, barabara zote na reli zote zikielekea pale. Mwaka 1918 dola hiyo ilivunjika vipande, na mtu wa Pezinok akajikuta raia wa nchi mpya, Chekoslovakia. Wenzake katika fikra hii mpya nao walikuwa watu wa kingo. Gyula Breyer alikuwa wa Budapest, akafa mwaka 1921 akiwa bado kijana. Aron Nimzowitsch alizaliwa Riga, ukingoni mwa dola ya Urusi, akaja kumalizia maisha yake Copenhagen. Sisemi kwamba siasa ndiyo iliyowafundisha kucheza. Ubao una sheria zake na hausikilizi habari za redioni. Ninachosema ni kwamba kizazi kilichoona viti vya enzi vitatu au vinne vikipinduka ndani ya miezi michache hakikuwa na sababu ya kuamini kwamba anayekalia katikati ndiye mwenye nguvu. Walikuwa wameona katikati ikikaliwa kwa fahari zote, kwa magwaride na medali, huku nguvu yake imekwisha kuvuja kupitia kingo ambazo hakuna aliyezilinda.

Turudi mezani. Capablanca hakuwa mtu wa kuachiwa nafasi akaikataa. Katika hatua yake ya tisa alimpeleka askari e5, akakanyaga kitovu, na baadaye akamwongezea mwenzake wa c5 ubavuni. Kwa macho ya mafundisho ya zamani alikuwa ameshinda mjadala wa ufunguzi: yeye yuko pale, mwenzake hayupo. Réti aliendelea na mambo yake madogo madogo. Askofu wake wa pili naye alikuwa ameketi pembeni, g2, akitazama mshazari mwingine mrefu unaopita e4 na d5, na hivyo miraba yote minne ya kitovu ilikuwa chini ya macho ya maaskofu wawili wasioonekana kufanya lolote. Ngome moja ikahamia d1. Askari mmoja akajongea a3. Farasi mmoja akarudi nyuma hadi f1, mahali pasipo na heshima yoyote. Mtazamaji asiye na subira angesema huyu mtu amepoteza dira. Kisha, katika hatua ya kumi na sita, askari mweupe akaenda d4.

Ningependa msomaji akae na hatua hiyo moja, kwa sababu bila hiyo sifa zote za ubavuni zingekuwa maneno matupu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sote tunaijua aibu ya anayekimbia kwa kelele hadi akakosa pa kukanyaga. Lakini ziko pia subira zinazoishia ukingoni, subira za mtu anayesema kila mwaka kwamba wakati wake bado, hadi anazikwa na wakati wake. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kilichomtenga Réti na mwoga ni d4. Alikuwa amekaa pembeni kwa hatua kumi na tano akijua kwamba ataingia, akijua ataingilia wapi, na kila kete yake, hata farasi wa f1 na ngome ya d1, ilikuwa imepangwa kwa ajili ya siku hiyo. Ngome ya d1 ilikuwa nyuma ya askari wa d. Mlango ulipofunguliwa, tayari kulikuwa na mtu nyuma yake. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kungoja na kujificha. Vyote viwili kwa nje vinafanana: ukimya ule ule, pembe ile ile, mikono ile ile iliyokunjwa. Anayengoja ana siku ya kuingia na anaiandalia kila jambo dogo. Anayejificha hana siku hiyo.

Baada ya mlango kufunguliwa mambo yalikwenda kasi. Askari wakalana katikati, hadi pale kitovu kilipobaki wazi tena, lakini sasa uwazi huo ulikuwa na mwenyewe. Malkia wa Capablanca alishuka c4 akachukua askari, na hapo ndipo safari yake ilipoanza. Réti alimtoa askofu wake wa b2, yule aliyengoja tangu hatua ya nne, akabadilishana na askofu mweusi wa g7. Mfalme mweusi akamla. Aliyengoja sana alikufa siku ya kazi. Lakini tazama kilichofuata: malkia mweupe alikwenda b2, mraba uleule, juu ya mshazari uleule, na kutoka hapo akamtishia mfalme. Mlinzi ameondoka, njia yake imebaki, na mwenye nguvu zaidi ameirithi. Sijui picha nyingine katika michezo yote inayoonyesha kwa uwazi namna hiyo jinsi kazi ya mtu wa kimya inavyoweza kudumu baada yake. Wako watu waliokaa pembeni mwa historia wakilinda mstari mmoja, wakafa bila mtu kuwaimba, na aliyekuja baadaye akaikuta njia imenyooka.

Malkia mweusi, kwa upande wake, hakupata tena kituo. Kutoka c4 alikwenda c5. Kutoka c5 alikimbilia h5, ukingoni kabisa, kutafuta pumzi. Akarudi e5, katikati ya ubao. Akafukuzwa, akarudi tena c5, mahali alipokuwa amekwisha kukimbia. Yeye ndiye kete yenye nguvu kuliko zote, na alipita ubavuni na kitovuni asipate mraba mmoja wa kumpumzisha, kwa sababu miraba haina uaminifu kwa anayeikalia. Ina uaminifu kwa anayeiandaa. Katika hatua ya thelathini Capablanca alipeleka farasi e5, katika kitovu chenyewe. Réti alijibu kwa ngome: kutoka d1, pale ilipongoja, ilipanda hadi d5. Hebu itazame ngome hiyo. Kushoto kwake, mraba wa jirani, yuko malkia mweusi. Kulia kwake, mraba wa jirani, yuko farasi mweusi. Imesimama katikati yao na kuwagusa wote wawili kwa pigo moja, na haiwezi kuliwa, kwa maana ngome mwenzake na farasi wanailinda. Na kwa mbali, kutoka b2, malkia mweupe bado anatazama mshazari wake wa zamani, ambao mwisho wake kwa sasa ni farasi yule wa e5. Capablanca akasalimu amri. Hatua ya mwisho ya mchezo ulioanza kwa kukiacha kitovu ilikuwa hatua ya kukikalia.

Ni rahisi kusimulia kisa hiki kana kwamba kingo zimeishinda kati moja kwa moja, na mafundisho ya zamani yamezikwa. Ukweli una heshima zaidi kuliko hivyo. Mashindano yale ya New York yalikuwa na wachezaji kumi na mmoja, kila mmoja akikutana na mwenzake mara mbili, na mshindi hakuwa Réti. Aliyeshinda alikuwa Emanuel Lasker, mwenye umri wa miaka 55, bingwa wa zamani, aliyejikusanyia pointi 16 kati ya 20. Capablanca, pamoja na pigo lile, alikuwa wa pili. Alexander Alekhine alikuwa wa tatu. Réti alikuwa wa tano. Mtu anayepima mambo kwa vikombe angesema fikra ile haikufika mbali. Lakini katika mashindano yaleyale Réti, tena kwa ufunguzi wa ubavuni, alimshinda Efim Bogoljubov kwa mchezo uliopewa zawadi ya kwanza ya uzuri. Mchezo huo uliishia kwa askofu aliyejipenyeza kwa utulivu hadi e8, ndani kabisa ya nyumba ya adui, bila kula kete yoyote, ila kukata mawasiliano kati ya ngome na askofu aliyekuwa akiilinda pembe ya mfalme. Pigo hilo halikuwa na kishindo. Lilikuwa mlango uliofungwa, na upande wa pili ukajua kwamba kila kitu kimekwisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Orodha ya washindi iliandikwa ikasahauliwa. Hatua ya kwanza ya Réti, farasi kwenda f3, leo huchezwa kila mahali panapochezwa sataranji, na ufunguzi unaitwa kwa jina lake.

Miaka mitatu kabla ya New York, mwaka 1921, Réti alikuwa ametunga fumbo dogo ambalo naliona kuwa ufunguo wa fikra yake yote. Ubaoni zimebaki kete nne tu. Mfalme mweupe yuko h8, pembeni kabisa, na askari wake yuko mbali, c6. Mfalme mweusi yuko a6, karibu sana na askari huyo, tayari kumla. Na askari mweusi yuko h5, anakimbia kuwa malkia, na mfalme mweupe amekwisha kuachwa nyuma hawezi kumfikia. Mweupe anatakiwa apate sare. Ukimtazama mfalme wake unaona mtu mwenye majukumu mawili pande mbili za dunia, na hana muda wa kutosha hata kwa moja. Jibu ni kwamba asiende kwa yeyote kati ya hao wawili moja kwa moja. Anatembea kwa mshazari kuingia katikati: g7, f6, e5. Kila hatua inamsogeza karibu na askari wake na wakati uleule inamsogeza karibu na askari wa adui. Mweusi akipoteza hatua kumla askari mweupe, mfalme yuko tayari kumkamata yule anayekimbia. Mweusi akikimbia tu, mfalme yuko tayari kumsindikiza askari wake mwenyewe hadi mwisho. Safari moja imebeba nia mbili, na adui hawezi kuzizuia zote.

Siri yake ni ya hisabati, na ni ya kushangaza. Kutoka h8 hadi h2 kwa mstari ulionyooka ukingoni, mfalme huhitaji hatua sita. Kutoka h8 kupitia e5 katikati hadi h2, kwa kuzunguka, huhitaji pia hatua sita. Ardhini jambo hilo haliwezekani. Baharini haliwezekani pia: nahodha anayekwenda kinyume cha upepo hupiga bisho, anakata maji kwa mshazari upande huu, anageuza tanga, anakata upande wa pili, na kila mshazari unamgharimu saa na maji ya kunywa, ingawa bila hiyo asingefika kabisa. Ubaoni kuzunguka hakuna gharama. Njia ndefu kwa macho si ndefu kwa hesabu. Najua maisha hayakuumbwa kwa sheria za ubao, na mara nyingi anayezunguka huchelewa kweli. Lakini kati ya ubao na bahari kuna jambo moja linalofanana, nalo ndilo ninalolishika: mstari ulionyooka una nia moja tu. Anayekwenda kwa mshazari anaweza kubeba mbili. Mama anayesoma usiku huku mtoto akilala ubavuni mwake. Fundi anayefanya kazi ya mtu mwingine mchana ili jioni afanye yake. Mwandishi anayefundisha darasani ili aweze kuandika. Hawa tunawaona kama watu waliochelewa kwenye mambo mawili. Mtunga fumbo angewaona kama mfalme wa h8, ambaye kila hatua yake inahesabiwa mara mbili.

Na wakati mwingine njia ya pembeni hurudi kwenye barabara kuu, ikaingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1972 mjini Reykjavik, Bobby Fischer, ambaye alikuwa amezoea kuanza michezo yake kwa kumsukuma askari wa mbele ya mfalme hadi katikati, alianza mchezo wa sita dhidi ya Boris Spassky kwa askari wa c, hatua ya ubavuni. Baada ya hatua chache mchezo ulikuwa umekwisha kuingia katika ufunguzi wa malkia, wa tangu zamani, wenye askari katikati kama Tarrasch angependa. Fischer alishinda kwa uzuri kiasi kwamba Spassky mwenyewe, aliyeshindwa, alisimama upande wa watazamaji kwa roho na kumpigia makofi. Kwa hiyo ubavu na katikati si koo mbili zenye uadui wa damu. Ni milango miwili ya nyumba moja, na anayeijua nyumba hachagui mlango kwa ushabiki. Huchagua kwa kuangalia mwenzake amekaa wapi na ametega sikio upande gani.

Réti alifariki Prague mwezi wa Juni 1929, kwa homa ya vipele vyekundu, akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa amecheza michezo 29 kwa wakati mmoja bila kuuona ubao, huko São Paulo mwaka 1925, akizishika kete zote kichwani. Alikuwa ameandika kuhusu fikra mpya za mchezo huu kwa lugha ambayo hata asiyecheza anaielewa. Na hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Aliishi na kuondoka ubavuni mwa cheo hicho. Ninapofikiria maisha yake najiuliza jinsi tunavyowafundisha watoto wetu. Tunawaambia wakae mbele, wanyooshe mkono kwanza, waonekane; na tunayo sababu, maana asiyekuwapo na lake halipo. Lakini wako watoto ambao nguvu yao iko katika kutazama, wanaokaa karibu na dirisha na kuona darasa zima, na sisi tunawasukuma kwenye kitovu kabla hawajajipanga, hadi wanakuwa askari wa e5 wasioweza kurudi. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kuhamishwa kiti. Anahitaji kufundishwa mambo mawili: jicho lake lisiondoke katikati, na siku yake ya kuingia iwe na tarehe.

Jambo la pili ndilo gumu, na ndilo tunalolisahau sote, wakubwa kwa wadogo. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, kwa sababu ameijua pwani na anajua maji yanapokupwa ndipo kuna kitoweo. Hapati kitoweo kwa kukaa ufukweni tu. Watu wa pembeni, na mataifa ya pembeni, na lugha za pembeni, wana haki ya kutokimbilia viti ambavyo wengine wamevipigania hadi vikavunjika. Wana haki ya kutazama kwa mbali, kuacha wengine watamke maneno yasiyofutika, kujenga mishazari yao kimya kimya. Haki hiyo ninaitetea kwa moyo wangu wote. Lakini inaambatana na wajibu: kila anayekaa ubavuni ajiulize mara kwa mara anatazama nini kutoka hapo alipo, ngome yake iko nyuma ya mlango gani, na hatua yake ya kumi na sita ni ipi. Akiwa na majibu, basi asiharakishwe na mtu yeyote, wala asione haya kwa ukimya wake. Akiwa hana, aondoke pembeni leo hii, hata kama hajakamilika, kwa maana katikati isiyotazamwa na mtu hujazwa na yeyote yule.